Sanduku la Maswali: Madeni yako na bei ya bima ya gari Marekani

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wingi kwa wasomaji walioko Marekani, na nyingi zina kilio kimoja: dereva hana ajali wala faini, lakini bima yake ni ghali kwa sababu ya historia ya mikopo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Ndugu wahariri, niliishi Worcester, Massachusetts, kwa miaka kadhaa, kisha nikahamia Dallas, Texas, kufuata kazi. Gari ni lilelile na leseni ni safi. Bima mpya imekaribia mara mbili ya ile ya zamani. Nikimuuliza wakala, jibu lake ni neno moja tu: krediti. Krediti na usukani vinakutana wapi? (Msomaji, Dallas)

JIBU: Ndugu, ulikuwa ukiishi katika mojawapo ya majimbo machache yanayokataza jambo hili. Massachusetts, California na Hawaii haziruhusu kampuni ya bima ya gari kupanga bei kwa historia ya mikopo. Kule California msingi wake ni Pendekezo la 103, lililopitishwa na wapiga kura mwaka 1988: bei itegemee kwanza rekodi yako barabarani, maili unazokwenda kwa mwaka na miaka uliyoendesha. Texas inaruhusu. Faili lako la madeni, ambalo Worcester halikuwa na kazi yoyote kwenye bima ya gari, Dallas lilifunguliwa siku ileile ulipouliza bei.

Lakini usiitwike krediti lawama yote. Dallas hunyesha mvua ya mawe inayovunja vioo na kubonyeza mabati ya magari, na huenda safari yako ya kazini imerefuka. Uliza bei kwa kampuni tatu au nne, kwa kinga zilezile na kwa kiasi kilekile unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Zikipishana sana kwa dereva yuleyule na gari lilelile, mara nyingi tofauti imo katika jinsi kila kampuni inavyolipima faili lako.

Kinachopimwa si alama ile benki inayoitazama ukiomba mkopo wa nyumba. Ni alama ya bima: inatoka kwenye faili lilelile, ila hesabu yake ni nyingine. Ya benki inakisia kama utalipa deni, na hii inakisia kama utadai fidia. FICO, mojawapo ya kampuni zinazouza hesabu hizi, hueleza kuwa 40% ya alama ya bima ni kulipa kwa wakati, 30% ni ukubwa wa madeni yaliyopo, 15% ni umri wa historia, 10% ni maombi mapya ya mikopo, na 5% ni mchanganyiko wa aina za mikopo. LexisNexis ina ya kwake, yenye kipimo cha 200 hadi 997, na kampuni kubwa za bima hujitengenezea zao. Ndiyo maana mtu anaweza kuona alama nzuri kwenye programu ya simu ya benki yake na bado akawekwa daraja la chini kwenye bima. Mshahara haumo kabisa katika hesabu. Mwenye kipato kidogo anayelipa kwa tarehe humpita daktari mwenye kadi nne zilizojaa hadi ukingoni.

Na kwa nini deni la kadi lihesabiwe kama ishara ya ajali? Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitoa ripoti kuhusu alama hizi. Ilikuta kwamba kweli zinatabiri gharama za madai, kwamba hakuna maelezo yaliyothibitishwa ya sababu yake, na kwamba Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini ni wengi kupita kiasi katika madaraja ya chini. Hiyo ni takwimu ya kundi, lakini bili inakuja kwa jina lako peke yako. Hatuoni kuwa ni haki, ila kwa sheria ya Texas ni halali, na ukijua inavyofanya kazi utaweza kuipunguza makali.

SWALI: Salamu kwenu wahariri. Nilifika Des Moines, Iowa, na watoto wangu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sijawahi kukopa hata senti, wala sina kadi. Nimeambiwa bima yangu ni ghali kwa sababu sina krediti. Kumbe kukaa bila deni ni kosa? (Mama wa watoto wanne)

JIBU: Mama, si kosa. Kutokuwa na faili na kuwa na faili baya ni mambo mawili, na yakichanganywa wewe ndiye unayelipia mchanganyiko huo. Majimbo mengi, Iowa ikiwemo, yamefuata mfano wa sheria uliotungwa mwaka 2002 na NCOIL, baraza la wabunge wa majimbo wanaoshughulikia bima. Mfano huo unaipa kampuni njia tatu kwa mtu asiye na historia: imhesabu kuwa wa kati, asipandishiwe wala asipunguziwe, iache kabisa kutumia krediti kwake, au imtendee kwa namna nyingine ambayo kamishna wa bima wa jimbo ameikubali. Pia hairuhusiwi kumpandishia mtu kwa sababu tu hana kadi ya mkopo. Muulize wakala hivi hasa: "Faili langu halikupatikana, limepatikana lakini ni jembamba, yaani lina taarifa chache, au lina alama ya chini?" Kila jibu lina dawa yake.

Kabla ya hapo, hakikisha kweli huna deni. Wakimbizi waliopelekwa Marekani kwa tiketi za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, walitia saini hati ya kuahidi kulipa nauli kabla ya kupanda ndege. Ule ni mkopo usio na riba. Malipo huanza kama miezi sita baada ya kufika na hupitia shirika lililokupokea, na kwa kawaida mashirika haya huripoti malipo kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Ukilipa kila mwezi, hata kiasi kidogo, nauli hiyo inakuwa historia yako ya kwanza nzuri. Familia nyingi huhama mji, barua zikaendelea kwenda anwani ya zamani, na miezi ya kutolipa ikajiandika kimyakimya. Kama umehama, lipigie shirika lako simu, wape anwani mpya, na kama fungu linakulemea omba lipunguzwe. Kuomba kabla ya kuchelewa ni rahisi zaidi kuliko kufuta ucheleweshaji uliokwisha kuripotiwa.

Jambo la pili ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliopita kambini wana hati zinazosema wamezaliwa tarehe 1 Januari. Majina matatu ya Kikongo nayo hupinduliwa: hati moja inaweka jina la babu kuwa la ukoo, nyingine inaliweka katikati. Mkikutana wawili wenye jina linalofanana, tarehe hiyohiyo ya Januari na mji mmoja, madeni ya mwenzako yanaweza kuingia kwenye faili lako, au faili lako mwenyewe likagawanyika vipande viwili vyembamba. Tumia jina kwa mpangilio uleule uliomo kwenye kadi yako ya Social Security kila mahali: leseni, benki, mkataba wa nyumba, bima. Kampuni ya bima inaweza kulitafuta faili kwa jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa peke yake. Kwa mwenye tarehe ya 1 Januari, namba ya Social Security huifanya itafute kwa uhakika zaidi.

Kama kweli faili ni tupu, anza na kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka amana, kwa kawaida kuanzia dola 200, nayo inakuwa kikomo cha kadi. Kabla ya kufungua, uliza kama mtoaji huripoti kwa mashirika makubwa ya taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, yote matatu. Weka juu yake malipo madogo yasiyobadilika, kama bili ya simu, kisha ulipe yote kila mwezi. FICO huhitaji akaunti yenye umri wa walau miezi sita ndipo itoe alama ya mikopo, kwa hiyo usitegemee mabadiliko mwezi wa pili.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kinachoripotiwa kwa kawaida ni salio la siku taarifa ya mwezi inapofungwa, wala si la siku ya mwisho ya kulipa. Kadi ya dola 200 iliyotumika dola 180 inaonekana imejaa 90%, hata kama ulilipa zote wiki tatu baadaye. Lipa siku mbili tatu kabla ya kufungwa, libaki dola 10 au 15. Chini ya 30% si mbaya. Chini ya 10% ni bora.

SWALI: Nimepokea barua ya kampuni yangu ya bima inayosema bei niliyopewa imeathiriwa na taarifa kutoka shirika la taarifa za mikopo. Niitupe au nifanye nini nayo? (Msomaji, Houston)

JIBU: Usiitupe. Barua hiyo ni takwa la FCRA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za mikopo, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Safeco dhidi ya Burr, ilisema hata mteja mpya anastahili kuipata. Mahakama iliweka mpaka, lakini: barua inadaiwa pale krediti inapokufanya ulipe zaidi ya ambavyo ungelipa kama krediti isingetazamwa kabisa. Maana yake, asiyepata barua anaweza bado kuwa mbali na bei ya chini. Aliyeipata ajue amepandishiwa.

Ndani yake kuna jina, anwani na simu ya shirika lililotoa taarifa. Una siku 60 za kuliomba nakala ya bure ya ripoti yako. Katika majimbo yanayofuata mfano wa NCOIL, barua hutaja pia sababu kuu zilizokushusha, hadi nne. Zisome sababu hizo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiandikwa kwamba salio ni kubwa likilinganishwa na kikomo, hilo linaponyeka kwa mwezi mmoja au miwili. Ikiandikwa historia fupi, dawa ni kusubiri tu. Ikiandikwa deni lililopelekwa kwa wakusanya madeni, na wewe hulijui, hapo ndipo kazi ilipo.

Chukua ripoti ya shirika lililotajwa, kisha chukua na mbili zilizobaki kupitia annualcreditreport.com au simu 1-877-322-8228. Siku hizi zinapatikana bure kila wiki. Zilinganishe. Tafuta akaunti usiyoijua, malipo yaliyoandikwa yamechelewa ilhali una risiti, deni moja lililoandikwa mara mbili (na mdai wa kwanza, kisha na mnunuzi wa deni), na jambo lililopita muda wake. Taarifa mbaya nyingi hukaa miaka 7. Kufilisika kwa Sura ya 7, kule kwa kuuza mali ili kulipa madeni, hukaa miaka 10. Deni la hospitali lililo kwa wakusanya madeni halipaswi kuhesabiwa kwenye alama ya bima katika majimbo yaliyoufuata mfano huo, hata kama lipo kwenye ripoti.

Ukipata kosa, andika pingamizi kwa kila shirika linalolionyesha. Barua moja kwa kosa moja: taja namba ya akaunti, sema kisicho kweli ni kipi, ambatanisha nakala za vielelezo, halisi ubaki nazo. Tuma kwa posta ya rejesta yenye risiti ya kupokelewa. Shirika lina siku 30 za kuchunguza, na wakati mwingine 45.

Hapo wengi huacha, na hapo ndipo fedha hubaki mezani. Mashirika ya taarifa za mikopo hayaiarifu kampuni yako ya bima. Unapopata majibu kwamba kosa limerekebishwa, yapeleke kwa kampuni kwa maandishi na uombe upimwe upya. Kwa sheria ya Texas, kama ilivyo kwenye mfano wa NCOIL, kampuni ina siku 30 za kukokotoa bei mpya, na ikionekana ulilipa zaidi inakurudishia ziada ya miezi 12 iliyopita au ya muda wa mkataba wako, ule ulio mfupi. Ikikaa kimya, lalamika Idara ya Bima ya Texas, simu 800-252-3439.

Barua ikitaja LexisNexis, omba pia ripoti yao ya madai ya bima, inayoitwa CLUE. Inabeba madai ya hadi miaka 7, na si ajabu kukuta humo ajali ya aliyekuwa mmiliki wa gari au ya ndugu mliyekaa naye nyumba moja.

Wapo watu watakaokwambia wanafuta madeni kwa ada ya dola mia kadhaa. Wanachoandika ni pingamizi hizihizi, ambazo wewe unaziandika kwa gharama ya stempu. Deni la kweli hawawezi kulifuta.

SWALI: Mume wangu alifariki, nami nikakaa miezi minne bila kazi. Kadi zikachelewa. Sasa bima imepanda. Kuna huruma yoyote? (Mjane, Fort Worth)

JIBU: Pole sana, dada. Ipo, na imo ndani ya sheria: Texas na majimbo mengi mengine yanaitaka kampuni ikubali maombi ya mtu ambaye krediti yake imeumizwa na tukio kubwa la maisha. Yanayotambuliwa ni kama kifo cha mume, mke, mtoto au mzazi, ugonjwa au jeraha zito, talaka, kupoteza kazi bila kupenda kwako, na kuibiwa utambulisho. Wewe una mawili. Andika barua, taja tarehe ya kila tukio, ambatanisha cheti cha kifo na barua ya kuachishwa kazi, na onyesha kwamba malipo yaliyochelewa ni ya baada ya tarehe hizo. Kampuni inaweza kudai ushahidi kwamba tukio ndilo lililoiumiza krediti, kwa hiyo ripoti inayoonyesha miaka ya nyuma ulilipa vizuri ni kielelezo chako kikubwa kuliko vyote. Hakuna atakayekuuliza kwa simu kama umefiwa. Bila barua, kompyuta inaona ucheleweshaji tu.

SWALI: Nikiuliza bei kwa kampuni saba, si nitaharibu krediti yangu? (Msomaji, Lowell, anayepanga kuhamia New Hampshire)

JIBU: Hapana. Bima inapochungulia faili, inaandikwa kama uchunguzi mwepesi usiogusa alama. Uliza hata kwa kumi. Kinachogusa ni maombi ya kadi na mikopo, kwa hiyo usifungue kadi ya duka la samani wiki ileile unayotafuta bima.

SWALI: Mimi ni dereva mzuri, mke wangu ana krediti nzuri. Bima iandikwe kwa jina la nani? Nami nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Wakala ananishauri niweke kifaa cha kupima uendeshaji. (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Kampuni hutofautiana: nyingine hutumia faili la aliyeandikwa wa kwanza, nyingine huchukua lililo bora kati ya wanandoa. Omba bei mara mbili, yeye akiwa wa kwanza kisha wewe. Hilo ni halali mradi nyote wawili mmetajwa na anayeendesha gari zaidi ametajwa kwa ukweli. Kumficha dereva ili kushusha bei ni kujitafutia kukataliwa fidia siku ya ajali.

Kifaa au programu ya simu hupima kufunga breki ghafla, mwendo, maili, kushika simu na saa za kuendesha. Kwa mwenye krediti mbovu na mguu mtulivu, ni njia nzuri ya kujitetea kwa vitendo. Lakini mifumo mingi huona saa za kati ya usiku wa manane na alfajiri kuwa hatari. Zamu yako ikianza saa tano usiku na kuisha saa moja asubuhi, huenda safari zote mbili ziko salama; ikiisha saa tisa usiku, utaadhibiwa kila siku ya kazi. Uliza saa zinazohesabiwa vibaya ni zipi, na kama matokeo mabaya yanaweza kupandisha bei au ni kuzuia punguzo tu.

SWALI: Nilipata bima rahisi zaidi nikaacha tu kulipa ile ya zamani. Sasa nadaiwa dola 96 na wakusanya madeni. Si nilishaondoka? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

JIBU: Hukuondoka, uliacha kulipa. Kampuni ilikukinga siku kadhaa kabla ya kufuta mkataba, na hizo ndizo inazodai. Kulipa bima kwa kawaida hakukujengei krediti, ila kutoilipa kunaweza kuibomoa. Omba hesabu ya maandishi inayoonyesha tarehe ya kufutwa. Kama siku hizo tayari ulikuwa na bima nyingine, peleka ukurasa wa mbele wa mkataba mpya na uombe ufutaji urudishwe nyuma hadi tarehe hiyo, kwani kampuni kadhaa hukubali. Safari nyingine, anzisha mpya kwanza, kisha futa ya zamani kwa maandishi kuanzia siku hiyohiyo, pasiwe na hata siku moja wazi. Pengo la bima nalo hupandisha bei, mbali kabisa na krediti.

SWALI: Nina rekodi safi CRB, shirika la taarifa za mikopo, hapa Nairobi. Itanisaidia nikifika Maryland? Na kaka yangu aliyeko Toronto? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kampuni ya bima ya Maryland haitaiona rekodi ya CRB; itatazama faili la Marekani, ambalo bado huna. Maryland angalau ina mipaka: krediti inaweza kutumika kupanga bei ya mkataba mpya tu, tena isizidi 40% juu au chini, na hairuhusiwi kukunyima bima ya gari wala kukupandishia unapoirejesha. Kitakachokufaa kutoka Kenya ni barua ya kampuni yako ya bima, kwa Kiingereza, yenye tarehe za kuanza na kuisha na idadi ya madai. Baadhi ya kampuni huikubali kama ushahidi wa uzoefu. Kaka yako hana la kuhofia kwenye gari, kwa sababu Ontario hairuhusu krediti katika bima ya magari. Kwenye bima ya nyumba inaweza kutumika, kwa idhini yake, basi asome kabla ya kutia saini.